Kamera ya ujazo inatema chupa nzima kila alasiri: ni jua, joto au chupa zenyewe?

#1 Mkaguzi_Pwani
Wakuu, habari za kazi.

Laini ni ya maji ya kunywa, chupa ya PET (plastiki) ya 500 ml, spidi chupa 24,000 kwa saa. Baada ya fila (mashine ya kujaza) na mashine ya vifuniko kuna kamera moja inayokagua ujazo na kifuniko. Asubuhi inatema (inakataa) chupa nne au tano kwa kila elfu. Kuanzia saa nane mchana idadi inapanda, ikifika saa kumi ni zaidi ya ishirini kwa elfu, na jua likizama inashuka yenyewe bila mtu kugusa kitu. Nyingi ya zinazotemwa zimeandikwa "ujazo mdogo", lakini ukiziweka kwenye mizani ziko sawa.

Setapu: kamera nyeusi-nyeupe ya pikseli 1280 × 1024, picha inachukua upana wa mm 128, lenzi ya mm 16 iliyo kama mm 300 kutoka kwenye chupa, taa ya nyuma ya LED nyeupe inayowaka muda wote, eksposha (muda wa kupiga picha) milisekunde 1. Fila ni ya flomita (kipima mtiririko). Tatizo liko wapi?

#2 FundiOptiki
Mkuu, kabla ya yote: juu ya hiyo kamera kuna bati la plastiki linalopitisha mwanga? Na kamera ina kisanduku au imekaa wazi?

#3 AthiLaini
Hiyo ni umande tu. Kinywaji kikitoka baridi kwenye fila na hewa ya pwani ilivyo na unyevu, chupa inatoa jasho, kamera haioni maji yanaishia wapi. Funga kipuliza hewa kabla ya kamera, umemaliza.

#4 Mkaguzi_Pwani
@FundiOptiki bati la plastiki lipo, mistari miwili upande wa magharibi. Kamera iko wazi, ina kifuniko chembamba cha juu tu.
@AthiLaini ni maji, siyo soda. Yanaingia fila yakiwa na joto la kawaida, kama 27 au 28. Chupa haitoi jasho.

#5 FundiOptiki
Basi anza na jua. Lakini usilikisie, lipime. Simamisha laini na chupa moja mbele ya kamera, zima taa ya nyuma, acha eksposha ileile ya milisekunde 1, piga picha. Soma wastani wa kijivu kwenye eneo la shingo na bega. Fanya hivyo saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Taa ikiwa imezimwa picha inatakiwa iwe karibu nyeusi kabisa, yaani namba ndogo sana kwenye kipimo cha 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe). Ukikuta 30 au 40, jua limekuwa taa yako ya pili, na taa hiyo inahama kila dakika.

Kinachotokea ni hiki. Programu inashuka na mstari wima kwenye bega la chupa ikitafuta mahali ambapo kijivu kinabadilika ghafla. Ukiwa na taa ya nyuma peke yake, ukingo wa maji unaonekana kama mstari mweusi ulionyooka. Jua likipiga kwa ubavu linaacha doa jeupe kwenye mkunjo wa bega, na chini ya doa hilo kuna mpaka mkali kuliko ule wa maji. Programu inachukua mpaka mkali. Doa likiwa chini ya usawa wa maji, chupa imeshahukumiwa kuwa pungufu.

Na eksposha ya milisekunde 1 ni ndefu mno. Kwa spidi yako chupa inasogea kama mita 0.6 kwa sekunde, kwa hiyo wakati wa picha inakuwa imesogea mm 0.6. Pikseli yako ni mm 0.1. Picha imefifia pikseli sita.

#6 Kipenyo
FundiOptiki, kufifia huko ni kwa mlalo. Chupa inatembea kushoto kwenda kulia, na usawa wa maji nao ni mstari wa mlalo, kwa hiyo pikseli sita za ukungu zinapita juu ya mstari uleule. Zinaharibu kingo za wima: pembeni mwa kifuniko na pembeni mwa chupa. Yeye tatizo lake ni ujazo, siyo kifuniko.

#7 FundiOptiki
Sawa kuhusu ujazo. Faida ya kushusha eksposha kwa hapa ni nyingine: ukishuka hadi mikrosekunde 100 na kuweka taa ya strobu inayotoa mwanga wote ndani ya muda huo, jua linapata sehemu moja ya kumi tu ya muda liliokuwa nalo, huku mwanga wako ukibaki uleule. Ukiongeza LED nyekundu na kichungi cha rangi hiyohiyo mbele ya lenzi, sehemu kubwa ya jua inabaki nje. Hayo yote ni baada ya kisanduku. Kisanduku cha bati kilichopakwa rangi nyeusi isiyong'aa ndicho cha bei ndogo kuliko vyote.

#8 Mzee_wa_Fila
Mnakimbilia taa. Maji yakipata joto yanapanuka, kila mtu anajua. Alasiri tangi la juu limeota jua. Ndiyo maana usawa unabadilika.

#9 MamaMaabara
Mzee, shikamoo, ila hesabu haikubali. Maji ya 500 ml yakitoka nyuzi 25 hadi 35 yanaongezeka kama ml 1.5, kweli. Lakini fila yake ni ya flomita, inapima ujazo, siyo uzito. Inamimina 500 ml yakiwa ya baridi na 500 ml yakiwa ya moto, na kamera iko mita chache mbele, maji hayajapata muda wa kubadilika. Joto hilo lingeonekana kwenye fila inayojaza kwa uzito. Tena hata huko usawa ungepanda, usingeshuka. Yeye anatema kwa "ujazo mdogo".

Na wewe Mkaguzi, "ziko sawa kwenye mizani" maana yake nini? Gramu 500 za maji siyo ml 500. Kwa nyuzi 28, ml 500 ni kama gramu 498.1. Umetoa uzito wa chupa tupu na kifuniko? Umetumia wastani wa chupa tupu ngapi? Chupa tupu zikitofautiana nusu gramu, tayari umepoteza nusu mililita.

#10 Mkaguzi_Pwani
Natoa wastani wa chupa tupu kumi na vifuniko vyake. Nikigawanya kwa 0.996, zinazotemwa alasiri nyingi ni kati ya ml 499 na 503. Kizingiti cha kamera tumekiweka pale usawa unapolingana na ml 494.

#11 MamaMaabara
Safi, hapo tunaweza kuongea. Ukienda na jedwali la OIML R 87 (mwongozo wa kimataifa wa bidhaa zilizopakiwa), pakiti ya 500 ml inaruhusiwa upungufu wa ml 15 kwa chupa mojamoja, ila wastani wa kundi lazima ufike 500. Kizingiti cha 494 ni chenu cha ndani, kikali kidogo, siyo kibaya. Msikilegeze kwa sababu ya tatizo hili.

#12 Bomba_la_Hewa
Mimi nauliza jingine. Nani amehakikisha kwamba chupa iliyoanguka kwenye pipa la zinazotemwa ndiyo ileile kamera iliyoikataa?

Chupa 24,000 kwa saa ni chupa moja kila milisekunde 150. Kwa mita 0.6 kwa sekunde, kutoka chupa hadi chupa ni mm 90. Kipenyo cha chupa ya 500 ml ni kama mm 65, kwa hiyo pengo ni mm 25, sawa na milisekunde 42. Silinda ya hewa ya kusukuma chupa iliyokataliwa ikichelewa milisekunde 50 au 60 inaweza kula chupa inayofuata. Chupa hiyo ni nzima, mizani itasema nzima, na ile pungufu imeshaenda kwenye katoni.

#13 Mkaguzi_Pwani
Idadi ya kamera na idadi ya pipa zinalingana, nimehesabu.

#14 Bomba_la_Hewa
Zitalingana tu. Kamera ikisema moja, silinda inapiga moja. Idadi haikuambii imepiga ipi.

Fanya hivi: chukua chupa tano zisizo na kifuniko, zipake wino mwekundu shingoni, ziingize kati ya chupa nzima kwa spidi kamili, siyo spidi ya majaribio. Rudia saa mbili asubuhi na saa kumi. Zote tano lazima ziwe kwenye pipa, na jirani zake zote lazima ziwe zimepita. Angalia na geji ya hewa pale kwenye valvu yenyewe, usisome ile ya kwenye kompresa. Alasiri laini nyingine zikiwashwa, bar 6 inaweza kuwa 4.5 pale mwisho wa bomba, na silinda inakuwa nzito. Mafuta au maji ndani ya valvu yanafanya vilevile.

#15 AthiLaini
Na kama ucheleweshaji umewekwa kwa muda badala ya enkoda (kihesabu mzunguko wa shafti), spidi ikibadilika kidogo tu mambo yanaharibika. Hesabu ya kutoka kwenye kamera hadi kwenye silinda inatakiwa ihesabiwe kwa palsi za enkoda. Enkoda nayo ifungwe kwenye shafti inayovutwa na mnyororo unaobeba chupa, mwisho ule usio na mota, ili ifuate mnyororo wenyewe.

#16 Volti24
Hakuna aliyegusa umeme. Taa ya LED inayowaka muda wote, ikishirikiana pawasaplai (kifaa cha kulisha umeme) moja ya volti 24 na valvu za hewa, inashuka mwanga kila valvu inapovuta. Alasiri gridi inakuwa na mzigo, mnaingia jenereta, pawasaplai kuukuu inatoa 22. Tenganisha pawasaplai ya taa, au weka kidhibiti cha mkondo maalumu kwa LED.

Tena kuna taa za dari. Kwa umeme wa 50 Hz zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Eksposha ikiwa fupi unakamata kilele au bonde, kila picha na mwanga wake.

#17 Kipenyo
Taa za dari ziwe chanzo? Anasema jua likizama tatizo linaisha. Usiku ndipo taa za dari zinawaka zote. Hiyo ifute.

Na Volti24, umeme ukishuka picha nzima inakuwa nyeusi kidogo kwa pamoja. Programu nzuri inatazama tofauti kati ya pikseli jirani, siyo kijivu chenyewe. Mpaka wa maji unabaki pale pale.

#18 Volti24
Programu nzuri, ndiyo. Unajua yake imesetiwaje? Nyingi zinazouzwa zimewekwa kizingiti cha namba moja: chini ya 110 ni maji, juu ni hewa. Hapo mwanga ukishuka asilimia kumi tu, usawa unahama. Mkaguzi, angalia kifaa cha programu kimewekwa "kingo" au "kizingiti".

#19 Mkaguzi_Pwani
Nimeangalia: ujazo ni kingo, kifuniko ni kizingiti.

#20 Lenzi_Kavu
Kuna mwingine atasema joto linapanua stendi ya kamera, kwa hiyo nalitaja mapema. Alumini inapanuka mikromita 23 kwa mita kwa kila nyuzi moja. Mkono wa mm 300 ukipata joto nyuzi 20 zaidi unaongezeka kama mm 0.14. Hiyo ni pikseli moja na nusu. Usawa wa maji kwenye bega lenye kipenyo cha ndani cha mm 30 unasogea mm 1.4 kwa kila mililita. Kwa hiyo stendi inaweza kukupa kosa la ml 0.1. Wacheni stendi.

Ninachotaka kujua ni urefu wa kamera kutoka kwenye mnyororo. Kitovu cha lenzi kiko usawa wa maji au usawa wa kifuniko?

#21 Mkaguzi_Pwani
Kiko usawa wa kifuniko, kama mm 30 juu ya maji, ili tuone pete ya usalama ya kifuniko vizuri.

#22 Lenzi_Kavu
Hapo pana kazi. Mm 30 juu kwa umbali wa mm 300 ni pembe ya kama nyuzi 5.7. Uso wa maji wenye upana wa mm 30 hauonekani tena kama mstari, unaonekana kama yai lililolala lenye kimo cha karibu mm 3. Ukingo wa mbele uko chini, wa nyuma uko juu, na kati yao kuna pikseli 30. Mwanga ukiwa sawa programu inakamata ule wa nyuma. Mwanga ukibadilika kidogo, au chupa ikisogea kwenye reli, inakamata wa mbele. Mm 3 ni zaidi ya ml 2, chupa moja ileile.

Ongeza na reli: chupa ikisogea mm 3 karibu na kamera, ukubwa wa picha unaongezeka asilimia 1. Kitu kilicho mm 40 kutoka kwenye kitovu cha picha kinahama mm 0.4. Lenzi ya telesentriki (isiyobadili ukubwa wa kitu kwa umbali) inaondoa yote mawili, lakini kioo chake cha mbele lazima kiwe kikubwa kuliko eneo unalolitazama. Kwa mm 128 bei yake ni ya kufikiria mara mbili. Njia ya fundi ni kamera mbili: moja ndogo iliyo usawa wa maji, nyingine kwa kifuniko.

Halafu, unapima kutoka wapi? Ukipima kutoka ukingo wa picha, mnyororo ukiruka mm 1 umepoteza mm 1. Pima kutoka kwenye pete ya shingo kwenda chini hadi kwenye maji. Pete na maji viko kwenye chupa moja, vikiruka vinaruka pamoja.

#23 Mzee_wa_Fila
Marahaba MamaMaabara. Basi niwape nyingine mniambie kama nayo haikubali. Mizani inasema ml 500, kamera inasema usawa uko chini. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli chupa ikiwa kubwa! Fila ya flomita inamwaga 500 haijali chupa. Chupa ikizidi ml 4 tumboni, usawa unashuka begani.

#24 Kipenyo
Hii sasa ndiyo ninayoiunga mkono. Kwa namba ya Lenzi_Kavu, ml 4 ni karibu mm 6. Na juu zaidi, ndani ya shingo ya PCO 1881 (aina sanifu ya shingo ya chupa) yenye tundu la mm 21.74, mililita moja tu ni mm 2.7. Kamera inaweza kuwa inasema kweli tupu.

#25 AthiLaini
Alasiri chila (kipoza maji) ya mashine ya kupuliza chupa inalemewa, maji ya moldi (kalibu ya chupa) yanapata joto, ndiyo chupa zinakuwa kubwa.

#26 MamaMaabara
Kinyume, AthiLaini. Moldi ikiwa ya moto chupa inatoka bado ina joto na inasinyaa zaidi nje ya moldi. Inakuwa ndogo, usawa unapanda. Kamera ingesema ujazo umezidi.

#27 Kipenyo
Mwili unasinyaa, kweli. Kitako je? Pale katikati ndipo PET ni nene na ndipo panachelewa kupoa. Moldi ikishindwa kupoza kitako, uzito wa maji unakisukuma nje. Simamisha chupa kwenye kioo uone kama inayumba.

Kuna na jambo la umri wa chupa. PET inaendelea kusinyaa kidogo siku za mwanzo baada ya kupulizwa, na joto linaiharakisha. Mkaguzi, asubuhi mnatumia chupa za silo (ghala la chupa tupu) zilizolala, na mchana mnatumia zinazotoka mashine moja kwa moja? Kama ndivyo, za asubuhi ni ndogo na za mchana ni kubwa, na saa ya tatizo ni ya silo, siyo ya jua.

#28 Mkaguzi_Pwani
Silo linaisha mchana kati ya saa saba na saa nane. Jioni shifti inayoingia inaanza na silo la pili.

#29 Mzee_wa_Fila
Mmesikia?

#30 FundiOptiki
Tumesikia, Mzee, na inalingana na saa. Jua nalo linalingana na saa, ndiyo tabu. Tenganisheni kwa kisanduku: funikeni kamera kwa kitambaa kizito cheusi pande zote leo alasiri, msibadilishe kitu kingine chochote.

#31 Glasi_Rejesho
Nipite kidogo. Kwa wenye soda msidhani kamera itawatosha. Chupa ikiwa na povu inasoma juu ya povu, na chupa pungufu inapita kama imejaa. Huko wanatumia eksirei au gama ya Americium-241 (elementi ya mionzi), miale yake inapenya povu jepesi na kuzuiwa na kinywaji. Chanzo cha gama kinahitaji leseni: Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomiki, Kenya ni KNRA (mamlaka ya kudhibiti nyuklia). Na maji nayo yanayumba. Kamera ikiwa karibu mno na gurudumu la kutolea chupa kwenye fila, uso bado umeinama upande.

#32 AthiLaini
@Glasi_Rejesho hiyo ya kuyumba inaonekana asubuhi pia, haichagui saa. Ila kwa wanaodondoshea naitrojeni kwenye maji, kumbuka chupa inavimba baada ya kufungwa na usawa unashuka. Dozi ikibadilika, kamera inalia.

#33 Mkaguzi_Pwani
Naitrojeni hatuna.

Matokeo ya leo. Taa ikiwa imezimwa, kijivu cha bega ni 4 asubuhi na 37 saa kumi. Tulifunika kwa turubai jeusi saa kumi na nusu, namba ikarudi 5. Chupa zinazotemwa zilishuka kutoka 22 kwa elfu hadi kama 11, zikabaki hapo. Chupa za wino: tano kati ya tano asubuhi, nne kati ya tano saa kumi. Ya tano ilipita na jirani yake ikapigwa. Hewa kwenye valvu ilikuwa bar 4.8.

#34 FundiOptiki
37 hiyo ni nyingi. Nusu ya tatizo imeondoka kwa turubai.

#35 Bomba_la_Hewa
Na mimi nasema hiyo moja kati ya tano ndiyo ya kushughulikia usiku huu. Chupa isiyo na kifuniko imeenda kwenye katoni! Ondoeni valvu, safisheni, wekeni tangi dogo la hewa la lita 5 karibu na silinda na valvu ya kuzuia hewa isirudi nyuma. Kamera ikitema zaidi ni hasara ya maji, silinda ikikosea ni mteja.

#36 Lenzi_Kavu
Zile 11 zinazobaki ni yai la mm 3. Shusha kamera hadi usawa wa maji, kisha chukua chupa moja, ipitishe mara 50 kwa spidi kamili, andika usawa kwa mm kutoka pete ya shingo. Mara sita ya mchepuko wa kawaida (kipimo cha namba zinavyotawanyika) isizidi asilimia 15 ya upana wote wa uvumilivu wako (kosa unaloruhusu). Ikizidi, hicho siyo kipimo bado.

#37 Volti24
Na wekeni oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha volti zinavyopanda na kushuka) kwenye volti 24 wakati silinda inapiga. Sijafutwa kwa upande wa kifuniko, Mkaguzi umesema mwenyewe kinatumia kizingiti.

#38 Kipenyo
Hizo 11 mimi nazidai kwa silo. Chupa tupu 30 za silo na 30 za mashine moja kwa moja, zote saa nane mchana. Pima kila moja tupu, ijaze hadi mdomoni maji ya joto moja, pima tena, toa, gawanya kwa msongamano wa joto hilo. Usizishike tumboni wakati wa kujaza, zishike kwenye pete ya shingo, la sivyo unazibana na kupoteza mililita mbili tatu. Andika namba ya moldi iliyoko kitakoni pembeni ya kila jibu, maana inawezekana ni moldi mbili tu zinazotoa chupa kubwa na nyingine zote ni nzima.